Raundi Haina Ukoo

Ukutani mwa baa moja hapa Nyamache, kati ya kalenda ya duka la pembejeo na friji ambayo mlango wake hufungwa kwa kamba, kuna karatasi ya A4 iliyofunikwa plastiki. Juu imeandikwa KANUNI ZA KIKUNDI. Kikundi chenyewe kina jina, lakini sitalitaja kwa sababu wanachama wake wana wake, wachungaji na mashemeji, na wote hao wana simu. Kanuni ni 17. Nimezisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma setibuku yoyote, na leo nataka tuzisome pamoja vile tulivyofunzwa kusoma shairi shuleni: nani anaongea, anamwambia nani, na tukicheka tunamcheka nani.

Najua kuna msee ameshaanza kusema hiyo si fasihi. Sawa. Misemo ya kanga ilidharauliwa hivyo hivyo mpaka watu wakaiandikia tasnifu. Maandishi ya matatu pia. Kanuni za wanywaji bado ziko ukutani, zinasomwa kila jioni na watu ambao hawajashika kitabu tangu Fomu Foo, na hakuna mhakiki aliyezipigia hodi.

Kwanza tuondoe aina moja mezani. "Leo pesa, kesho mkopo." "Kukopa harusi, kulipa matanga." Hizo utazikuta Kisumu, Mombasa, Mwanza, kwa baa, kwa duka la nyama, hata kwa kinyozi. Zinachapwa zikiwa tayari na kuuzwa kama picha za maua. Ukiwa na miaka tisa zinachekesha mara moja, basi. Hakuna mtu nyuma yake. Ukiuliza nani alikopa, nani alikataa kulipa, hakuna anayejua.

Sasa angalia zetu zinavyoanza:

"1. Mwanachama ataingia kwa mlango na atatoka kwa mlango. Dirisha ni la hewa."

Mpita njia atatabasamu na kuagiza. Lakini wanachama wote wanajua ni dirisha lipi, na suruali ya nani ilibaki kwenye msumari. Tangu sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Kati ya saa tano na wakati watu wanapoenda nyumbani kweli, kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndipo dirisha lilipopata kazi. Mwenye suruali ni mzee wa kanisa sasa. Kanuni haimtaji. Inaongea kuhusu hewa. Huo ndio ustadi wake: kila aliyekuwepo anakumbushwa, na ambaye hakuwepo hapewi kitu cha kupeleka nyumbani.

Nadai kwamba kanuni ya kuchekesha ikiwa nzuri, kuna kitu kilitokea kabla haijaandikwa. Nitairudia hii baadaye kwa uchungu kidogo.

"2. Raundi haina ukoo."

Maneno matatu. Mtu wa Nairobi atasoma na kupita. Hapa tuko Bobasi, na kila msimu wa uchaguzi, hata wa kiti cha wadi, watu hukaa chini na kuhesabu koo kama wanaohesabu magunia. Nimeona meza mbili za baa zikigawanyika kwa ukoo wa mgombea, bia zikinunuliwa upande mmoja tu, wale wengine wakiangalia TV iliyozimwa. Kanuni ya 2 ilitoka hapo. Haisemi tupendane. Haina habari na umoja wa kitaifa. Inasema tu kwamba ukinunulia watu, unanunulia meza. Nimesoma hotuba ndefu za amani ambazo hazikufanya nusu ya kazi hiyo.

"4. Mwanachama akianza kuongea Kizungu, ametosheka. Apelekwe nyumbani."

Hii inanihusu. Nilirudi hapa nikiwa mwaka wa tatu wa chuo, karo imekwama, na wiki ya kwanza nilikuwa naongea Kizungu hata na kuku. Nilipoisoma nilidhani wananicheka mimi. Baadaye nikajua iliandikwa zamani kwa ajili ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye chupa ya nne ilimpeleka moja kwa moja kwa hotuba za ukaguzi wa shule. Lakini unaona inavyofanya kazi? Karani, mwalimu, aliyeacha chuo, kila mmoja anadhani ni yake, na kila mmoja anashuka daraja moja kabla ya kukaa. Kwa lugha, baa hii haina mwenyekiti.

Kanuni ya 6 ndiyo ndefu kuliko zote, na nadhani ndiyo ya maana zaidi:

"6. Shamba, ng'ombe na pikipiki haviuzwi hapa baada ya saa mbili usiku. Mkataba uliotiwa sahihi juu ya meza yenye chupa ni karatasi ya kufungia nyama."

Kisii ni nyumba juu ya nyumba. Shamba la babu liligawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kwa sisi, na sasa kuna watu wanalima kipande ambacho ukilala chini miguu iko kwa jirani. Kwa hivyo mtu akiuza kipande akiwa amelewa, ameuza watoto wake mahali pa kusimama. Serikali iliona hatari hii mapema: Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inasema mauzo ya shamba la kilimo bila idhini ya bodi ya ardhi hayana nguvu. Bodi ina fomu, ina siku zake, ina foleni. Kanuni ya 6 inasema jambo lile lile ikiwa umbali wa mita mbili kutoka kwa mnunuzi mwenye hamu, saa mbili na robo usiku, kalamu ikiwa tayari mezani. Na inasema kwa nyama. Mtu aliyekuwa anataka kununua anacheka na wengine, anarudisha kalamu mfukoni, na hakuna aliyemwita mwizi. Bila hicho kicheko mtu angelazimika kusimama na kumwambia rafiki yake ukweli. Nyinyi mnajua tunavyoogopa hiyo kazi.

Ya saba ni dada yake:

"7. Bonasi ikiingia, mwanachama akae kwake siku tatu. Akionekana hapa kabla ya hizo, apewe soda moja na mkewe apigiwe simu."

Nyamache ni chai. Kiwanda kiko hapa, na ile bonasi ya mwaka ya wakulima, ambayo kwetu huwa chini kuliko ya wenzetu wa Mlima Kenya, ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la mbolea. Wanaume wenyewe ndio walioiandika kanuni hii, wakiwa na akili zao, ili iwashike siku ambayo akili hazitakuwepo. Mama mwenye baa, ambaye ndiye anapoteza mauzo, ndiye anayepiga simu. Nimeshuhudia. Alimpigia mke wa mtu, akasema tu "njoo, mtu wako yuko hapa na soda," akakata.

Halafu tunafika kwa ile ninayoipenda kuliko zote.

"9. Baba na mwana wakikutana hapa, hawajaonana."

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. Zamani amarwa, pombe ya wimbi, ilipikwa na wanawake nyumbani na kunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kunywa kulikuwa na mpangilio, na chini ya mpangilio huo kulikuwa na ensoni. Neno hilo hutafsiriwa aibu, lakini ni zaidi: ni uzio kati ya kizazi na kizazi kinachofuata. Mwana aliyetahiriwa hasikii mazungumzo ya ndani mbele ya baba yake, na baba hatamki mbele yake. Babu na mjukuu wanataniana wanavyotaka. Baba na mwana, hapana. Robert na Barbara LeVine walioishi Gusii katikati ya miaka ya 1950 waliandika juu ya haya katika kitabu chao cha 1966 kuhusu jamii waliyoipa jina la kubuni, Nyansongo. Kabla yao, mwaka 1951, Philip Mayer alichapisha makala nzima kuhusu utani wa marika ya Wagusii: waliotahiriwa pamoja wangeweza kurushiana matusi ambayo yangewachoma masikio wazazi, na kurushiana huko ndiko kulikuwa alama ya usawa wao. Utani mzito ulikuwa na anwani. Haukuruka uzio.

Baa iliharibu hesabu hiyo. Baa ina chumba kimoja, TV moja, choo kimoja. Anayelipa anakaa. Mwana ana pesa za bodaboda, baba ana pesa za chai, na Jumamosi Arsenal inacheza. Utafanyaje? Huwezi kujenga ukuta. Kwa hivyo waandishi wa kanuni hawakujenga. Waliandika sentensi inayojenga. "Hawajaonana." Siyo wasionane, wala watoke. Ni kitenzi cha hali iliyokwisha kutokea: wameketi meza mbili, wamepigana migongo, na kisheria hakuna aliyemwona mwenzake. Nimemwona mzee akisimama kwenda msalani, mwanawe akageuza uso kwa kalenda ya pembejeo kama mtu anayetafuta tarehe ya harusi yake. Hakuna aliyecheka. Na karatasi iko pale juu, ikichekesha. Utani umechukua kazi ya adabu bila adabu kudhalilika, na sijui riwaya ya karibuni iliyosema jambo hilo la baba na mwana vizuri kama haya maneno sita.

Si zote zina akili hivyo. Ya 12 ni hii: "Mke akipiga simu, sote tuko mkutano wa maji." Ah. Hii tumeisikia tangu simu za mezani. Shida yake hata siyo kwamba inawaonea wanawake, ingawa inawaonea. Shida ni kwamba anayechekwa hayupo chumbani na hawezi kujibu. Kanuni ya 7 inampigia mke simu, ya 12 inamdanganya. Zimeandikwa na kikundi kimoja, na sidhani kuna aliyewahi kuziweka kando kwa kando. Halafu kumbuka nani amesimama kaunta akizisoma zote mbili. Mama mwenye baa aliniambia mkutano huo wa maji umekaa miaka minane na kijiji bado kinachota mtoni.

Ukitaka kuona utani wa klabu unaojua kumchagua mchekwa, kuna mfano wa mbali. Mwaka 1938 huko Kuala Lumpur, Waingereza kadhaa walianzisha klabu ya kukimbia na kunywa bia, Hash House Harriers, ambayo leo ina matawi dunia nzima, Nairobi ikiwemo. Mwaka 1950 walipotakiwa kujisajili ilibidi waandike malengo. Waliandika, kwa ufupi, kwamba wanataka afya, wanataka kuondoa uchovu wa pombe za wikendi, wanataka kutafuta kiu nzuri na kuituliza kwa bia, na mwisho kwamba wanataka kuwashawishi wazee wao kwamba hawajazeeka vile wanavyojisikia. Hilo la mwisho ni zuri kwa sababu waandishi wenyewe ndio wazee. Wamejicheka wao. Lakini hawa walikuwa watu wa klabu, waliozoea dunia ya wanachama na wahudumu. Miaka hiyo hiyo Mwafrika wa Kenya, hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikatazwa na sheria kunywa bia ya chupa ya Wazungu. Muundo wa kanuni zilizopewa namba, "mwanachama ata-", tuliupata kutoka kwa vyumba tusivyoruhusiwa kuingia. Nyamache wanaucheka muundo huo huku wakiuhitaji.

Na wanauhitaji kweli, kwa sababu ya hii:

"14. Mwanachama akifa, deni lake la kaunta litazikwa naye. Hii isiwe sababu ya kufa."

Kikundi hiki kina hema moja na viti vya plastiki. Kina mweka hazina mwenye daftari. Kina katiba ya pili, ile ya serikali, kwa maana Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na katiba, na katika hiyo hakuna neno bia hata moja. Kuna ustawi, kuna kusaidiana wakati wa msiba. Mgeni akisoma zote mbili atadhani ya ofisi ndiyo ya kweli na ya ukutani ni mchezo. Mimi naona ya ukutani ndiyo inayofuatwa. Watu walipokufa Kirinyaga Februari 2024 kwa kunywa pombe yenye sumu, kikundi hakikuitisha mkutano kusoma katiba. Mtu aliongeza kwa kalamu, pembeni ya kanuni ya 5 inayokataza kunywa chochote ambacho mwenye kukiuza hajakionja kwanza, neno moja: "KWELI."

Sasa ya 17.

"17. Atakayeacha pombe atalipa faini ya kreti moja. Tutainywa mbele yake."

Inachekesha. Nakubali inachekesha. Watu huipiga picha na kuituma. Kati ya zote 17 ndiyo imesafiri mbali zaidi. Nimetumiwa na mtu wa Doha ambaye hakujua inatoka wapi.

Niliiandika mimi.

Nilikuwa nafanya kazi kwa saiba ya hapa, mwezi wa pili tangu nirudi. Katibu alikuja na kanuni 16 kwa mwandiko wa mkono, kwa karatasi ya daftari la mifugo, akataka zichapwe vizuri. Nilichapa. Chini ya ukurasa kukabaki nafasi, na mimi, mtu wa mwaka wa tatu, niliona ukurasa hauna mwisho mzuri. Nikaongeza moja. Katibu alisoma, akacheka mpaka akashika meza, akalipa shilingi za plastiki, akaenda. Nilifurahi kiasi gani! Ilikuwa maandishi yangu ya kwanza kusomwa na watu ambao hawakuwa wakinisahihisha.

Mwaka uliofuata ndugu yangu aliacha pombe. Ni mtoto wa baba mdogo, lakini kwetu huyo ni ndugu. Anaendesha boda. Alitoka hospitali siku moja akasema basi, na Jumamosi akaja kulipa kreti, pesa ya siku nyingi za kubeba watu na magunia. Walimpigia makofi. Waliinywa mbele yake kama ilivyoandikwa. Kuna picha, yeye amesimama katikati na Fanta, anacheka zaidi ya wote.

Jumamosi iliyofuata alikuja na kuagiza soda. Kanuni ya 3 inasema: "Soda si raundi." Ilitungwa kwa ajili ya bahili mmoja aliyekuwa anakwepa zamu yake, na kwa bahili huyo ilikuwa haki. Lakini sasa ndugu yangu hakuwa na zamu, na asiye na zamu hana kiti kwa meza ile, si kwa ubaya, ni vile tu viti vinazunguka na bia. Alisimama mlangoni wiki mbili. Halafu hakuja. Kanuni ya 11: "Asiyeonekana Jumamosi nne mfululizo amejitoa mwenyewe." Alipofiwa na baba mkwe mwezi wa tano, hema halikwenda. Hakuna aliyekaa chini akaamua lisiende. Mweka hazina alifungua daftari, jina halikuwepo.

Alirudi kunywa mwezi wa sita. Nilimuuliza kwa nini, nikitegemea aseme kiu, au mawazo. Alisema, "Ndugu, nilikosa pahali pa kukaa jioni."

Nimejaribu kuisoma ya 17 kama ninavyosoma zile nyingine, na haisimami. Nyuma ya dirisha kuna suruali. Nyuma ya nyama kuna shamba la mtu. Nyuma ya "hawajaonana" kuna mzee anayeenda msalani. Nyuma ya 17 kuna nafasi tupu chini ya ukurasa na kijana anayetaka kuchekesha. Hakuna mtu aliyekuwa ameacha pombe siku hiyo. Nilimtunga, nikamtoza faini, na akaja kweli. Zile 16 zinamwachia mhusika njia: aende nyumbani, arudishe kalamu, ageuze shingo. Yangu inamsindikiza mlangoni kwa makofi na haisemi atarudije kuketi.

Juzi nilienda kumwambia katibu iondolewe. Alinisikiza vizuri, kisha akanyoosha kidole ukutani. "16. Kanuni hizi hazibadilishwi na mtu mlevi, wala na mtu ambaye hajanywa." Nikaagiza moja. Nilipofika nusu akasema hapo sawa, sasa ongea. Niliongea, kwa Kiswahili, nikichunga kanuni ya 4. Wawili walipinga, wakasema ndiyo nzuri kuliko zote. Mzee wa meza ya nyuma alisema kuna mtu alikuwa hapa anasimama mlangoni, na yeye huwa anakumbuka. Hakutaja jina. Ndugu yangu alikuwa meza ya pili, akaangalia TV.

Katibu alichukua kalamu akaipiga mstari. Wino haukushika kwenye plastiki. Alisugua, akatemea kidole, akasugua tena, mwishowe akasema nichape upya, gharama yangu.

Sijachapa bado. Zikiishia 16 kutabaki nafasi chini, na mweka hazina ameshanipigia simu mara mbili kuuliza tutaweka nini pale.